Moyo wa Kima Uko Mkuyuni

Barua za wasomaji mwezi huu zimewaelekea zaidi wahusika werevu wa vitabuni na kwenye filamu: namna wanavyoumbwa, na kwa nini baadhi yao hukaa akilini kwa miaka mingi ilhali wengine husahaulika kabla ya chai kupoa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu ya zile nyingine yanalitegemea jibu lake.

Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Ninaandika mswada wa filamu fupi kuhusu binti wa hapa Mombasa, ambaye mama yake huuza samaki, anayemfichua mwizi wa mashine ya boti. Tangu ukurasa wa kwanza nimeonyesha kwamba ana akili kuliko mtaa mzima: mwalimu wake anamsifu, jirani anamsifu, na polisi wanamwendea kwa ushauri. Wenzangu wa kikundi cha maigizo walipousoma waliniambia kwamba hawakuuona werevu wowote, na siku mbili baadaye hakuna aliyelikumbuka hata jina la binti huyo. Nimekosea wapi? *Msomaji, Kisauni*

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Kosa lako ni kwamba akili ya binti umewapa mashahidi waitunze. Mwalimu anapomsifu, msomaji hujifunza kwamba kuna mwalimu mwenye maneno mazuri, na hapo habari huishia. Nami nilipokuwa na umri wako niliandika hadithi ya wakili ambaye, kwa mujibu wa maelezo yangu, hajawahi kushindwa kesi. Mhariri mmoja alinirudishia mswada ule akiwa ameandika pembeni swali moja tu, akitaka kujua habari hizo nilizipata kwa nani. Nilikasirika mwezi mzima.

Tazama hadithi ambayo bila shaka umeisikia utotoni, ya kima na papa. Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Waswahili alizozikusanya Zanzibar, lakini ilikuwa vinywani mwa bibi zetu kabla ya hapo. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari na kila siku anamtupia papa matunda. Urafiki unakua, papa anamwalika kwake, na kima anakubali kupanda mgongoni. Wakiwa katikati ya maji papa anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwa masikitiko kwamba laiti angeambiwa mapema angekuja nao, kwa sababu makima wanapotembea huiacha mioyo yao mitini. Papa anageuka upesi kumrudisha mkuyuni akauchukue.

Katika hadithi nzima hakuna anayesema kwamba kima ana akili, wala mtambaji hatuombi tumstaajabie. Tunachopewa ni shida yake, na tunaiona yote: hawezi kuogelea, hana silaha, nchi kavu iko mbali, na anayemtaka moyo ndiye chombo chake. Kisha tunaona vitu viwili alivyobakiwa navyo, yaani haja kubwa ya papa ya kupata moyo, na ujinga wa papa kuhusu maumbile ya makima. Kwa vitu hivyo viwili tu anajiokoa. Angalia pia kwamba hambishii papa. Anaipokea haja yake, anaikubali, kisha anaigeuza kuwa sababu ya kurudi. Msikilizaji alikuwa na habari zile zile alizokuwa nazo kima, na kwa muda mfupi kabla ya jibu alikuwa mgongoni mwa papa akijiuliza angefanya nini. Uwerevu wa mhusika huonekana katika muda huo mfupi, msomaji anaposhika vipande vyote mkononi na mhusika akatangulia kuviunganisha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Kima huyo huyo, dakika chache kabla, alikuwa mpumbavu wa kumpa papa maisha yake kwa kumpanda mgongoni. Papa anapomwita tena, kima, sasa akiwa salama mtini, anamsimulia kisa cha punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akakubali kurudi kwa simba yule yule mara ya pili na kuuawa. Maana yake ni wazi: mimi si punda huyo. Kosa lake la kwanza ndilo linalompa uzito. Binti yako, kwa jinsi ulivyomweleza, hajawahi kukosea jambo lolote, na mtu wa namna hiyo hana pa kushikwa.

Sasa turudi kwenye mashine ya boti. Mshukiwa wako bila shaka atadai kwamba usiku wa wizi alikuwa baharini akivua, na ushahidi wake ni samaki aliowaleta dikoni asubuhi. Umempa binti huyu mama anayeuza samaki, kisha umeiacha habari hiyo ilale bila kazi yoyote! Mtu aliyekulia kwenye mbao za samaki hahitaji kuwa gwiji wa mtaa ili ajue kwamba changu aliyevuliwa usiku huu huwa na macho maangavu yaliyotuna na mashavu mekundu kwa ndani, na kwamba macho yakibonyea na mashavu yakawa ya kahawia, samaki huyo amekwisha kulala nchi kavu. Waonyeshe watazamaji samaki hao mapema, kabla hawajajua kwamba kuna neno la kutafuta. Kila aliyewahi kutumwa sokoni na mamake atakuwa ameuona ushahidi, na binti atakapousema watajipiga paji la uso.

Ongeza na shangazi yake hapo hapo dikoni, anayewafunua samaki wale wale mashavu, anaona rangi ile ile, na anachofanya ni kudai apunguziwe bei. Shangazi si mjinga hata kidogo. Pengine anajua samaki kuliko binti. Wote wawili wameona kitu kimoja, lakini mmoja ameuliza samaki huyu ana thamani gani na mwingine ameuliza huyu bwana alikuwa wapi usiku. Tofauti hiyo ya maswali inatosha kumpambanua. Waandishi wengi humwinua mhusika wao kwa kuwafanya wote waliomzunguka mabwege, polisi wasioona mlango uliovunjwa na majirani wasiojua kuhesabu, na matokeo yake ni kwamba tunaye mtu wa kawaida aliyezingirwa na wapumbavu. Hata yule jirani wa Abunuwasi, aliyeambiwa kwamba sufuria lake limezaa na akarudishiwa mawili badala ya moja, hakuwa mpumbavu. Alikubali kwa kuwa uzazi ule ulimfaa, na alipoambiwa safari ya pili kwamba sufuria limekufa, alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa sababu kinachozaa hufa. Mpe mwizi wako tamaa au woga au kiburi, lakini usimnyang'anye akili, kwa maana kimo cha binti kitapimwa kwa kimo chake.

Swali: Mwalimu, mimi ni mpenzi wa hadithi za upelelezi. Naona kila mpelelezi maarufu ana kitu chake: Bwana Msa ana kiko, Sherlock Holmes ana kiko, na wengine wana masharubu au kofia. Je, mhusika akumbukwe lazima apewe kitu cha namna hiyo? *Msomaji wa kike, Likoni*

Jibu: Dada yangu, kiko ni chango ukutani. Kinafaa sana kama kuna nguo ya kutundika. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia katika kitabu cha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, tunamjua kwa kiko chake, ni kweli, lakini tunachokitundika pale ni ule utulivu wa mtu asiyekubali mambo ya mizimu kabla hajayachunguza, katika jamii ambayo karibu kila mtu amekwisha kuyakubali. Mvutishe kiko mhusika asiye na msimamo wowote, nawe utakuwa umepata moshi tu.

Kuhusu Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887, mimi naona kinachomfanya adumu ni mapengo yake. Katika kitabu hicho hicho cha kwanza, Dkt. Watson anagundua kwa mshangao kwamba mtu huyu, anayemtazama mgeni mara moja na kujua kwamba ametoka Afghanistan, hana habari kwamba dunia hulizunguka jua, na akiisha kuambiwa anasema atajitahidi kuisahau habari hiyo, kwa kuwa haimsaidii katika kazi yake. Wazee wetu walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Doyle alielewa hivyo pia: akili ya Holmes ina umbo, ina mahali inapoanza na mahali inapokoma. Mwaka 1891 akamfanya ashindwe na mwanamke, Irene Adler, aliyemtambua ndani ya vazi lake la kujigeuza na kuondoka kabla ya kunaswa. Mwandishi mwoga asingethubutu kumfedhehesha shujaa wake mapema namna hiyo. Doyle alipomuua Holmes mwaka 1893 kwa kumtumbukiza katika maporomoko ya maji huko Uswisi, wasomaji walighadhibika, na mwaka 1903 ilimbidi amrudishe akiwa hai. Nina hakika hawakukililia kiko.

Usisahau rafiki pia. Watson kwa Holmes na Najum kwa Bwana Msa wanafanya kazi ambayo vijana wanaoandika siku hizi huidharau: wanatuwekea mlango. Tungekaa ndani ya kichwa cha Holmes tangu mwanzo, tungejua kila anachokijua na kusingekuwa na la kutushangaza. Rafiki anaona anachokiona mpelelezi, anakosa kukielewa, na anauliza swali ambalo nasi tulikuwa na haya ya kuliuliza. Watson ni daktari na askari wa zamani, kwa hivyo tunapopotea pamoja naye hatujisikii wapumbavu.

Swali: Je, mwandishi anaweza kumwumba mhusika mwenye akili kumshinda yeye mwenyewe? *Msomaji, Majengo*

Jibu: Anaweza, kwa sababu ana muda. Jibu analolitoa mhusika kwa kupepesa jicho, mwandishi anaweza kuwa amelitafuta wiki tatu, tena akijua mwisho wa kisa na kurudi nyuma kupanda mbegu zake. Washairi wetu wa Mvita, waliojibizana tangu enzi za Muyaka, hawakuona aibu kulala na beti moja usiku kucha kabla ya kuitoa barazani kana kwamba imewajia njiani.

Swali: Katika riwaya tunaweza kuelezwa anachokiwaza mhusika. Katika filamu tunamwona tu. Basi tutajuaje kwamba anafikiri, bila ya kumfanya aongee peke yake kama aliyepagawa? *Msomaji wa kike, Bamburi*

Jibu: Swali zuri, na jibu lake lipo katika mpangilio wa picha zaidi kuliko katika maneno. Kamera ikikituliza kitu, kisha ikauonyesha uso wa mtu anayekitazama, sisi wenyewe hujaza fikira iliyomo katikati. Tukionyeshwa uso kwanza na kitu baadaye, fikira nayo hubadilika: kwanza tunajua kwamba ameshtuka, halafu tunajua sababu. Mwandishi wa mswada anatakiwa kuamua ni lipi litangulie, asimwachie mpiga picha aamue siku ya kazi.

Mfano ninaoupenda ni wa Luteni Columbo, mpelelezi wa polisi wa televisheni ya Marekani, aliyeigizwa na Peter Falk, na ambaye mfululizo wake ulianza mwaka 1971. Katika visa vyake vingi muuaji tunamwona akiua mwanzoni kabisa, kwa hivyo hakuna fumbo la nani kafanya. Kinachotuweka kitini ni kumtazama mtu mwenye koti la mvua lililochakaa akijifanya msahaulifu, akiaga, akifika mlangoni, kisha akigeuka na swali moja dogo lililobaki. Muuaji, ambaye kwa kawaida ni tajiri na msomi, anamdharau, nasi tunaiona dharau hiyo ikimchimbia shimo. Akili ya Columbo hatuisikii akiieleza hata mara moja mpaka karibu na mwisho. Tunaisoma usoni mwa mpinzani wake, tabasamu linapoanza kupungua.

Ndiyo maana ningemshauri na yule ndugu wa Kisauni, kama anasoma ukurasa huu mpaka hapa, afute maneno yote anayoyasema binti pale dikoni. Amfunue samaki mashavu, amrudishe taratibu juu ya ubao, anawe mikono, kisha amuulize mvuvi kama usiku kulikuwa na upepo.