Mfumo wa stoo kuchelewa asubuhi

Ndugu, umesema mfumo wenu wa stoo pale Kongowea, ulio kwenye seva ya Windows yenye IIS (programu ya Microsoft ya kuendesha tovuti), hukwama karibu nusu dakika anayewahi kazini akiufungua, kisha kutwa nzima unakwenda mbio. Intaneti haina kosa. Programu ilikuwa imelala.

IIS huizima programu isiyopata ombi kwa dakika 20. Wa kwanza kubisha ndiye anayeingojea ianze upya: mafaili yapakiwe, kashe (hifadhi ya muda) ijae, hifadhidata iunganishwe.

Ingia IIS Manager, Application Pools, chagua pool inayoendesha mfumo wenu, kisha Advanced Settings. "Idle Time-out" iandike 0, "Start Mode" iwe AlwaysRunning. Halafu kwenye tovuti yenyewe weka "Preload Enabled" iwe True. Hii ndiyo husahauliwa, na inataka Application Initialization, sehemu ya ziada ya IIS, iwe imewekwa kwenye seva.

Bado kuna pool kujianzisha upya ("Regular Time Interval", humo humo Advanced Settings) kila dakika 1740, yaani saa 29, kwa hivyo wakati wake huhama kila siku. Iandike 0, uchague saa maalumu ("Specific Times"): 03:00, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Ukiandika 09:00, ambayo ni saa tatu asubuhi, utawakatia wateja wakiwa foleni.