Re: Wavuvi wengi, mitumbwi mingi, niunganishe vipi kwenye Django?

Kaka, umesema kwenye mfumo wako wa mwalo (pale wanaposhushia samaki) hapo Kirumba, Mwanza, mvuvi mmoja anapanda mitumbwi tofauti na mtumbwi mmoja una wavuvi kibao, ukauliza kama ManyToManyField (fildi ya kuunganisha wengi kwa wengi kwenye Django, ile fremuwaki ya Python ya kutengeneza tovuti) peke yake inatosha. Haitoshi. Ukiiacha hivyo Django inakutengenezea jedwali la katikati kimyakimya, ndani kuna aidii ya mvuvi na aidii ya mtumbwi basi, tena jozi moja haijirudii, sasa jamaa akipanda mtumbwi uleule Jumatatu halafu Alhamisi utaandika wapi? Na mgao wake wa dagaa je?

Tengeneza modeli (klasi inayowakilisha jedwali) yako mwenyewe iwe ndiyo jedwali la katikati, mi ningeiita Zamu, weka mvuvi, mtumbwi, tarehe na mgao, halafu kwenye Mtumbwi andika wavuvi = ManyToManyField(Mvuvi, through='Zamu'). Ila ukiita mtumbwi.wavuvi.all() jina la mtu litatokea mara tatu kama kapanda mara tatu, usishtuke, malizia na distinct(), inaondoa yanayojirudia.

Kwenye Zamu weka on_delete=PROTECT aisee (inakataa kufuta mtumbwi wenye zamu), usiweke CASCADE (inafuta na zamu zake zote). Mi nilifuta mtumbwi mmoja uliouzwa Ukerewe, migao yote ya msimu ikaondoka nao, tajiri akanipigia simu saa kumi na moja alfajiri, sina hamu.

Na ukurasa wa orodha ukiwa mzito tumia prefetch_related(Prefetch('wavuvi', queryset=Mvuvi.objects.distinct())), inavuta wavuvi wa mitumbwi yote kwa mkupuo, halafu kwenye orodha ita wavuvi.all() tu, maana ukiongeza distinct() hapo, au ukiacha prefetch, kila mtumbwi unaenda kugonga databesi kivyake, bila prefetch mitumbwi 80 ni maswali (query) 81.