Mwulize Fundi: Breki za Mustang kwenye mteremko wa Kapchorwa

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Ford Mustang ya 1966, injini V8 ya inchi za ujazo 289, breki za dramu magurudumu yote manne kama ilivyotoka kiwandani. Ndani ya Kampala gari linasimama vizuri. Niliposhuka nalo kutoka Kapchorwa kwenda Mbale, nilikanyaga pedali ikawa ngumu kama kawaida lakini gari halikamati, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nataka kuweka diski mbele. Ninunue nini, na nianzie wapi?
Msomaji, Ntinda

JIBU: Pole sana, ndugu. Tafadhali usirudi kwenye mteremko huo kabla kazi hii haijaisha.

Breki zako zilizidiwa na joto. Kila mita 100 unazoshuka kwa kimo, ukizuia gari kwa breki peke yake, zinazalisha joto la kusimamisha gari hilohilo mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa, liwe tupu au limejaa. Kutoka Kapchorwa hadi Mbale unashuka zaidi ya mita 600. Dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu zinazoisugua kwa ndani, na shuu zikiungua zinateleza badala ya kukamata. Pedali ingekuwa laini na kuzama, tungelaumu mafuta ya breki yaliyochemka. Yako ilibaki ngumu, kwa hiyo tatizo liko kwenye shuu. Diski, sahani za chuma zinazobanwa na pedi, ziko wazi, zinapoa upesi, na zikitanuka zinaisogelea pedi. Hata hivyo, ukiwa nazo bado ushuke kwa gia ya pili.

Ila usianze na diski. Anza na masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Mustang za 1965 na 1966 zina masta silinda ya chumba kimoja inayolisha magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, au silinda moja ya gurudumu ikivuja, huna breki hata moja; umebaki na handibreki. Ford waliweka vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, kwenye modeli ya 1967. Kama hela inatosha jambo moja tu mwezi huu, fanya hilo.

Agiza masta silinda ya diski mbele na dramu nyuma, si ile ya dramu pande zote. Masta ya dramu huwa na valvu ndogo mdomoni inayobakiza shinikizo la psi 10 ndani ya bomba. Shuu zina springi kali za kuzirudisha, hivyo hazisumbuliwi, lakini pedi hazina springi hizo. Zitagusa diski muda wote, zitawaka, na utarudi palepale. Kipenyo kiwe inchi 1 kama huweki busta, kile kifaa kinachosaidia mguu kwa vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini. Wauzaji wengi wanasukuma ya inchi 1 na moja ya nane, ambayo inafaa zaidi penye busta. Kwa nguvu ileile ya mguu, ya inchi 1 inatoa shinikizo kubwa zaidi kwa asilimia 27. Pedali itasafiri kidogo zaidi, na hilo si kosa.

Kwa mbele unahitaji stabu (ekseli fupi ya gurudumu) au mabano ya kushikia kalipa (kibanio kinachokandamiza pedi kwenye diski), diski mbili za inchi 11, kalipa mbili, pedi, beringi na sili mpya, na mipira miwili mipya ya breki. Ongeza valvu ya kurekebisha shinikizo la nyuma, na mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 lita mbili ili yasikuishie katikati ya kazi.

Mabomba ndiyo yanayoharibu kazi nyingi hapa kwetu. Bomba la Mustang ni la inchi 3/16, na nati zake nyingi ni 3/8 zenye nyuzi 24 kwa inchi. Nati utakazopata soko la Kisekka zimetoka kwenye Toyota na Nissan, ni M10 yenye hatua ya milimita 1. Kwa macho zinafanana. Nati ya M10 haiingii kwenye tundu la Ford. Ila nati ya Ford inaingia kwenye tundu la M10, inazunguka vizuri, inaonekana imekaza, na nyuzi zinakatika siku utakayokanyaga kwa nguvu zote. Agiza nati pamoja na seti yako ya vipuri vya diski. Mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili. Ukikunjwa mara moja unapasuka. Tumia bomba la chuma au la aloi ya shaba na nikeli. Bomba la shaba tupu, lile la friji, likatae kabisa.

Unapovunja dramu za zamani usipulize vumbi kwa kompresa. Shuu za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa.

Wakati wa kufunga, angalia skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Lazima iwe juu. Ikiwa chini, umebadilisha kulia na kushoto. Utatoa upepo mchana kutwa na pedali itabaki sponji. Beringi za mbele: kaza nati hadi nyutonimita 25 au 30 huku ukizungusha diski, legeza nusu mzunguko, kisha kaza tena kwa vidole tu na uweke pini mpya. Fimbo ya pedali iache mchezo wa milimita 1 hadi 2 kabla ya kusukuma pistoni. Bila mchezo huo, pistoni inaziba tundu dogo la kurudishia mafuta. Ukiendesha kidogo mafuta yanapata joto, yanakosa pa kwenda, na breki zinajifunga zenyewe barabarani.

Toa upepo kwenye masta silinda ikiwa mezani kwanza, kisha kwenye gari: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Pedi mpya zizoeshe kwenye barabara tupu. Punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 mara nane hivi bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki.

Mwisho ni rimu. Rimu nyingi za inchi 14 za dramu zinagonga kalipa, kwa hiyo zijaribu kabla hujafunga kila kitu. Utaambiwa uchukue za Toyota Harrier kwa sababu boliti tano zinalingana, kwenye duara la milimita 114.3. Ni kweli zinalingana, lakini tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1 na habu ya Ford haipiti hapo. Usikubali rimu ichongwe kwa grainda.

SWALI: Camaro yangu ya 1969 imewekewa diski mbele na fundi wa hapa Jinja. Mvua ikinyesha, nikikanyaga ghafla, nyuma inateleza na kutaka kunipita. Fundi anasema ni matairi.
Msomaji, Jinja

JIBU: Matairi yakaguliwe, lakini tunashuku valvu ya nyuma haipo. Ukikanyaga, uzito unahamia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Diski zinadai shinikizo kubwa kuliko dramu, na shinikizo hilohilo likifika nyuma bila kupunguzwa, dramu zinafunga kwanza. Gari lililofunga nyuma linazunguka.

Fungua kwanza dramu za nyuma. Oili ya difu ikivuja kwenye shuu, breki hushika kwa kuruka, na hakuna valvu itakayoponya hilo. Zikiwa kavu, weka valvu ya kurekebisha kwenye bomba la nyuma peke yake. Anza ikiwa imefungwa hadi mwisho wa kupunguza, nenda kwenye uwanja mpana usio na watu, kanyaga kwa nguvu ukiwa kilomita 40, mtu wa pembeni aangalie magurudumu. Fungua kidogo kidogo hadi nyuma ifunge kabla ya mbele, kisha rudisha mzunguko mmoja. Rudia pakiwa pamelowa.

SWALI: Nimeweka busta na kamshafti kali kwenye Camaro ya 1969. Mbarara pedali ni ngumu. Nikifika Kabale ni kama sina busta. Nibadilishe busta?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Busta ni nzima pengine, haina vakyumu ya kutosha. Kwenye karatasi za seti za vipuri za Marekani wanadai inchi 18 za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Unapoteza takriban inchi 1 kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo Kampala umeshapoteza 4, na Kabale, karibu mita 2,000, zaidi ya 6. Kamshafti kali, inayoacha valvu za injini wazi muda mrefu, nayo inakula zake. Chomeka geji kwenye manifoldi uone. Chini ya 14 usitegemee busta hiyo.

Unaweza kufunga pampu ya umeme ya vakyumu. Sisi tungeondoa busta. Pedali ya Camaro ina matundu mawili ya fimbo: la chini ni la busta, la juu ni la breki za kawaida. Hamishia fimbo tundu la juu, weka masta silinda ya inchi 1, na mguu wako utapata shinikizo lilelile ukiwa Entebbe au Kisoro.

SWALI: Naweza kuchanganya DOT 3 na DOT 4?
Msomaji, Arua

JIBU: Ndiyo, ila mchanganyiko hautafika kiwango cha DOT 4. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na yoyote kati ya hizo, DOT 5.1 haina shida. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya unyevu hushuka hadi 155, kwa hiyo badilisha kila baada ya miaka miwili na usinunue chupa iliyokwisha kufunguliwa. Na kama fundi aliwahi kuongeza oili ya injini au ya stelingi, kumwaga hakutoshi: kila mpira uliomo, kuanzia masta silinda hadi silinda za magurudumu, umeshavimba, na lazima ubadilishwe.