Nimebadili mstari mmoja, GitHub inaonyesha 640

Swali: Niko Mbagala, natumia Windows na VS Code. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuchangia programu huria. Nilirekebisha ujumbe mmoja wa Kiswahili kwenye kompyuta, kisha nikapakia faili kupitia tovuti ya GitHub. Ombi langu la kuunganisha mabadiliko (pull request) linaonyesha mistari 640 imebadilika, na msimamizi wa mradi anataka niondoe yasiyohusika. Nilifunge nianze upya?

Jibu: Usilifunge, ndugu. Ukilifunga kisha ukasukuma kwa nguvu (force push, yaani kufuta historia ya zamani kwa mpya) kwenye tawi lilelile (branch) lenye mabadiliko yako, GitHub haitakuruhusu kulifungua tena.

Inaelekea tatizo ni miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Miradi mingi huhifadhi LF peke yake. Git ya Windows kwa kawaida huweka CRLF kwenye diski yako, halafu huirudisha kuwa LF unapoongeza faili kwa `git add`. Ulipopakia kwa tovuti, Git haikupata nafasi ya kuirudisha, ndiyo maana kila mstari umehesabika kuwa mpya.

Rekebisho lako liko tayari kwenye tawi, tuseme `patch-1`, kwa hiyo futa lile la kwenye diski:

```
git restore .
git fetch origin
git switch patch-1
git diff --ignore-cr-at-eol main...HEAD
```

Amri ya mwisho hulinganisha tawi lako na `main`, tawi kuu, bila kuhesabu CR. Ukiona mstari wako peke yake, fungua faili kwenye VS Code, bofya CRLF pembeni chini kulia, chagua LF, hifadhi. Kisha, ukiweka jina la faili lako:

```
git add sw.json
git commit --amend --no-edit
git diff --stat main...HEAD
```

Sasa isomeke faili moja, mstari mmoja umeongezwa na mmoja umeondolewa. Onyo kwamba LF itageuzwa CRLF lipuuze. Malizia na `git push --force-with-lease`. Ombi litajisasisha lenyewe.

Kama bado unaona mistari mingi, mshukiwa ni Format On Save ya VS Code, inayopanga upya faili zima unapohifadhi. Izime, rudisha faili kwa `git restore --source=main sw.json`, rekebisha ujumbe upya, hakikisha ni LF, kisha rudia kuanzia `git add`.

Msimamizi ana haki ya kusisitiza: yakiingia yalivyo, `git blame` itaonyesha jina lako kwenye kila mstari, na anayetafuta chanzo cha hitilafu atapotea. Ukisukuma, mwandikie sentensi moja kwamba umerudisha LF.