Mfereji wa babu, Kaisari na hii amani yetu: majibu ya barua zenu

Haya wapendwa, toleo lililopita niliandika kwamba mimi kwenye siasa ni mlibertari, yani mtu anayeamini kazi ya serikali ni kuzuia usipigwe, usiibiwe na usitapeliwe, na yaliyobaki watu wazima wapatane wenyewe kwa hiari. Jamani! Barua zilivyomiminika mhariri akaniuliza nimemtukana nani. Wengi mmeuliza hicho ni chama cha wapi, sio cha hapa, Marekani ndo wana chama chenye jina hilo, kilianzishwa Colorado Desemba 1971, vijana wao bado wanaandikishwa jeshini kwa lazima kwa ajili ya vita ya Vietnam na Rais Nixon katoka kugandisha bei na mishahara Agosti ya mwaka huo huo, watu wengine wakaona sasa imetosha. Mimi sio mwanachama wao na mambo yao mengine hata siyaelewi, ila lile la msingi nimelichukua. Twende kwenye barua.

"Unabeza Azimio la Arusha na wewe unaishi hapo hapo Arusha. Bila serikali ya Mwalimu mngesomea wapi? Mmekula matunda sasa mnautukana mti." Mwalimu mstaafu, Marangu

Shikamoo Mwalimu. Mti sijautukana. Huu undugu wa kutoulizana kabila, na Kiswahili hiki ninachokujibia, mkono wa Nyerere upo na sitaki kuukataa. Ninachobishana nacho ni pale hiari ilipogeuka amri. Mwaka 1967 yeye mwenyewe alisisitiza vijiji vya ujamaa watu waingie kwa kupenda, lakini watu hawakwenda kwa kasi iliyotakiwa, basi ilipofika 1973 ikawa lazima, na kilichofuata waulize wazee wa mikoa waliopakiwa kwenye malori nyumba zao zikibaki nyuma. Sisi huku mlimani hatukusombwa sana maana tulishabanana kwenye vihamba, yani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, ila tukaguswa kwenye kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao 1925, kwenye mizizi hiyo ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika, 1933, kikauza kahawa ya watu mpaka nje, jengo lake pale Moshi mjini bado linaonekana. Halafu 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, miaka ya 80 ikavirudisha. Sasa ushirika unaofutwa kwa tamko na kurudishwa kwa tamko huo ni ushirika wa nani, Mwalimu?

Na hizo shule, wengi wa huku walisoma kwenye majengo ya Walutheri na Wakatoliki ambayo wazazi walisombea mawe, serikali ikaja kuyachukua kwa sheria ya 1969. Sekondari zilipokuwa chache miaka ya 80 waliojenga ni wazazi tena na makanisa tena, Kilimanjaro ikajaa sekondari za binafsi kuliko sehemu nyingi za nchi hii.

Lakini ushahidi wangu mkubwa uko huko huko Marangu, ule mfongo unaopita kwenye migomba. Wachagga walichimba mifereji hiyo kabla Mjerumani hajakanyaga hapa, maji yanachepushwa juu kwenye korongo yanashuka kwa mteremko yakizunguka vilima mpaka kihambani kwa mtu, na aliyeiendesha ni ukoo uliochimba pamoja na wazee wa mfereji, kila mmoja ana zamu yake, siku ya kusafisha mnaitwa wote, asiyetokea anatozwa faini na mara nyingi faini yenyewe ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Hapakuwa na injinia, hapakuwa na bajeti. Ugomvi ulikuwepo, hasa wa maji ya usiku, mengine yalifika kwa mangi, yani chifu, na mama zetu hawakuwa na sauti kwenye vikao vile, hilo sitalitetea. Ila ilifanya kazi miaka na miaka. Sasa hivi kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 maji yote yako chini ya serikali kwa niaba ya umma, ukitaka kuchepusha mto unaomba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na unalipia. Mzee ambaye babu yake alichimba mfereji kwa mikono amekuwa muombaji. Mimi hilo linaniuma kuliko siasa zote za majukwaani.

"Bwana Yesu asifiwe kaka. Nimesikitika. Vijana wanaisha kwa gongo huku kwetu na wewe unasema serikali isiingilie anachokunywa mtu! Warumi 13 inasema tutii mamlaka. Unamtumikia nani?" Mama wa maombi, Usa River

Amina mama. Gongo inamaliza watu, hatubishani hapo. Ila angalia hili, sheria ya kukataza gongo ipo tangu 1966, polisi wapo, na wewe mwaka huu unaniandikia kwamba vijana wanaisha. Viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, watu walihamia kwenye chupa ndogo na gongo yenyewe. Wamarekani walikataza pombe nchi nzima kuanzia 1920 mpaka 1933, wakristo kama wewe na mimi ndo walioipigania ile sheria kwa machozi kabisa, waliokuja kutajirika ni majambazi akina Al Capone, na mwisho wakaifuta wenyewe. Ukikataza kitu watu wanachokitaka biashara haifi, inahamia kwa yule asiyeogopa na mwenye hela ya kumpoza askari, na wanywaji ndo hawajui tena wamewekewa nini humo ndani.

Mimi natenganisha dhambi na jinai. Jirani akinywa kwake akalala na viatu, hiyo ni yeye na Mungu wake, na mkewe kesho asubuhi. Akimpiga mkewe au akaendesha gari kalewa, hapo ni jinai na polisi waje mbio bila kutuuliza mafuta ya gari. Sasa yule wa kwanza nani anamtoa kwenye pombe? Umeshawahi kuona mtu kaokoka lokapu? Anayemtoa ni shemeji yake, ni mchungaji, ni nyie wa maombi mnaomfuata nyumbani mara kumi mkifukuzwa mara tisa. Kanisa linapomwita polisi alifanyie hiyo kazi mimi naona limechoka, samahani mama kama nimekwaza.

Warumi 13 naisoma. Nasoma na Matendo 5:29, Petro akiwaambia wakuu kwamba inampasa mtu kumtii Mungu kuliko wanadamu. Na ile ambayo makanisani haihubiriwi sana, 1 Samweli 8, Waisraeli wanadai mfalme kama mataifa mengine, Samweli anawaeleza bei yake: atachukua wana wenu awaweke kwenye magari yake ya vita, binti zenu wawe wapishi na waokaji, atachukua mashamba yenu yaliyo mazuri awape watumishi wake, na sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Sehemu ya kumi mama! Samweli aliona kumi ni ya kutishia watu, sisi VAT peke yake ni asilimia 18.

Halafu kuna Nabothi, 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu analitaka shamba lake la mizabibu, anaahidi hela, anaahidi shamba jingine, Nabothi anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Mchagga ambaye babu yake amezikwa kihambani hahitaji mahubiri marefu hapo. Na kinachonitisha kwenye ile hadithi ni kwamba Yezebeli hakutuma majambazi, alitumia barua zenye muhuri wa mfalme, kikao cha wazee, na mashahidi wawili wa uongo, yani mafaili yote yalikuwa safi. Leo kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais ndo mdhamini. Sisemi tuna Ahabu. Nasema ufunguo uko mfukoni kwa mtu mmoja na tunaomba tu kila anayekuja awe mwema.

"Assalaam alaykum. Huo ulibertari si ndio wa wale wasioamini Mungu? Na anayehubiri upotofu mtaani mnataka aachiwe tu?" Ustadhi, Majengo, Moshi

Waalaykum salaam ustadhi. Wasioamini wamo, wanaoamini tumo. Suratul Baqara aya ya 256 unaijua kuliko mimi, hakuna kulazimisha katika dini. Na Katiba yetu ya 1977 ibara ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, maneno mazuri sana, ila ukitaka jumuiya yako itambulike unakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na yeye anaweza kuifuta. Hapo kwangu Katiba na ofisi haviongei lugha moja. Anayehubiri upotofu ahubiri, na wewe uhubiri, una elimu ya kutosha kumshinda. Akila hela za wagonjwa kwa uongo huyo ni tapeli ashtakiwe kama tapeli mwingine. Na yale ya Shakahola kule Kenya 2023, mamia ya watu wamefukuliwa msituni, usiniambie ni suala la uhuru wa dini, watoto wadogo hawakuchagua kufunga mpaka kufa.

"Oya kaka, mimi nina boda Sakina. Kila saa tunaambiwa tulinde amani. Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa tukakaa siku kadhaa hatujui nani mzima nani kaumia. Hiyo ndo amani?" Chalii wa boda, Arusha

Chalii wangu, hapana. Ule ulikuwa ukimya, na ukimya unaweza kuupata kwa kuzima mtambo. Aliyechoma duka la mtu na aliyempiga risasi mtu asiye na silaha, popote walipo, kwangu wote wamevunja kanuni ile ile ya usimguse mwenzio wala mali yake, ila serikali inaulizwa kwanza kwa sababu bunduki tumeikabidhi yenyewe na mshahara tunailipa sisi.

Watu wa Arusha tungetakiwa tulijue hili kuliko wengine. Mkataba wa amani wa Rwanda umesainiwa hapa hapa mjini tarehe 4 Agosti 1993, picha zikapigwa, mikono ikapeanwa, Aprili 1994 mauaji yakaanza, na baadae ikabidi mahakama ya kuhukumu ije ikae hapa hapa kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, mpaka 2015. Unajua nini kiliwarahisishia wauaji kazi kwenye vizuizi vya barabarani? Kitambulisho. Wabelgiji walianza kuwaandikia watu kabila kwenye kitambulisho miaka ya 1930, serikali zilizofuata zikaendelea nayo, na siku serikali yenyewe ilipoamua kuua, orodha ilishakuwa tayari mfukoni mwa kila raia. Ndo maana mtu akiniambia serikali ikiwa na nguvu sana ndo amani inakuwepo, huwa namuuliza nguvu za kufanya nini.

Halafu angalia kijiweni kwenu. Hapo kuna Mmeru, Mmasai, Mpare, mmoja CCM mwingine Chadema mwingine hata kura hapigi, mna foleni ya abiria, mna mchango wa msiba, mtu akiruka foleni anajua atakachoambiwa. Hakuna mgambo aliyekuja kuwapangia.

"Barabara nani atajenga?" Wengi wenu, wengine kwa herufi kubwa

Barabara wajenge, sina ugomvi nao. Niulizeni ya mmachinga aliyeuziwa kitambulisho kwa shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018 akiambiwa sasa hatasumbuliwa, na 2021 akaondolewa barabarani.

"Mwanangu, nilikuwa Kagera. Kwa mawazo yako tungemwacha Amin?" Askari mstaafu, Monduli

Shikamoo baba, na asante, hii ndo barua niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote. Wapo walibertari wasiotaka vita yoyote, mimi siwezi. Idi Amin wa Uganda aliingiza jeshi Oktoba 1978, akasema Kagera ni yake, watu wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa, na mtu aliyevamiwa nyumbani kwake ana haki ya kupigana. Mpaka Mutukula, pale mpakani, niko na wewe kabisa.

Kutoka Mutukula mpaka Kampala Aprili 1979 ndo tunaachana kidogo. Sio kwamba namlilia Amin, Waganda wengi walipona kwa sababu yenu na watu wa haki hawawezi kulisahau hilo. Ila angalia bili ilikwenda kwa nani. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, miezi 18 ikaisha mkanda ukabaki pale pale, foleni za sukari na sabuni, na 1983 mfanyabiashara aliyekutwa na magunia stoo akaitwa mhujumu uchumi. Serikali iliyozoea kuamrisha kwenye vita haikurudisha amri zake ghalani vita ilipoisha, na hii sio ya Tanzania peke yake, Waingereza walikula kwa kadi za mgao mpaka 1954, vita yao iliisha 1945. Hicho ndo kinachonifanya niogope vita hata ile ya haki.

Ila kuna kitu nataka nikuulize mimi baba, ukiweza niandikie tena. Wale mgambo waliochukuliwa toka vijijini mkaenda nao mbele, waliulizwa kama wanataka kwenda au walipewa tu siku ya kuripoti?