Chunusi na taa ya buluu: mmeuliza, tunajibu

*Saluni moja hapa Ntinda wanasema taa ya buluu itamaliza chunusi zangu. Kweli, au wanataka hela tu?*

Dada, yote mawili yawezekana. Bakteria wa chunusi hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini. Mwanga wa buluu wa nanomita 415 hivi ukizifikia, huzalishwa oksijeni kali inayowaua bakteria hao. Taa nyekundu hupenya zaidi na kutuliza uvimbe. Kwa hiyo vipele vilivyovimba hupungua, ukirudia mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja hivi. Vile vidoa vyeusi vya puani havitikisiki. Na ukiacha, chunusi huweza kurudi.

Ila uliza kwanza ni mashine gani. Wakitaja IPL, ile inayomulika kama kamera ya harusi, chukua boda urudi nyumbani. Mwanga wake hunaswa na rangi ya ngozi yenyewe, na ngozi nyeusi huungua kirahisi.

*Madoa yanayobaki je, taa itayafuta? Niko Arua.*

Hapana, kaka. Kwenye ngozi yetu mwanga wa buluu waweza hata kuyakoleza. Acha kuminya, vaa kofia, yape miezi kadhaa.

*Nimeagiza barakoa ya taa mtandaoni, na natumia doksisaiklini, ile antibiotiki ya chunusi. Nipo chuoni Mbarara.*

Iweke kando kwanza umwone daktari wa ngozi. Doksisaiklini hufanya ngozi isistahimili mwanga. Macho nayo si ya kuchezea: mwaka 2019 barakoa ya taa ya chapa ya Neutrogena iliondolewa sokoni kwa hofu ya kuwadhuru macho watu wenye magonjwa fulani ya macho au wanaotumia dawa za aina hiyo.

*Binti yangu ana miaka 15, uso umejaa. Pesa za taa sina. Mama, Busia.*

Mama, hujakosa kitu. Mimi ningeanzia duka la dawa hata kama pesa zingekuwepo: benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, kidogo tu, uso mzima, siyo juu ya kipele kimoja kimoja. Mpe wiki nane hadi kumi na mbili. Vikijaa kwenye paji la uso, tazama mafuta mazito anayopaka nywele. Na krimu za kung'arisha zisizo na maelezo, zile za sokoni, zitoe nyumbani. Nyingine zina steroidi, ambazo zenyewe huleta chunusi.

Benzoili peroksaidi hung'oa rangi ya kitambaa, kwa hiyo foronya iwe nyeupe.