Dada Uliyefungiwa Mombasa, Tafuta Saa Yako Moja

Jumatano usiku, katika mwaka huu wa 2020 wa korona na miji kufungwa, nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimemwomba ruhusa naye amenipa, basi naweka kipande chake hapa: "Dada, mtaa wetu wamefungua lakini mji bado umefungwa. Tangu mwezi wa nne sijaenda kazini. Naamka sijui ni Jumatatu au ni Alhamisi. Jana nimemfokea mama yangu kwa sababu ya sufuria iliyoungua, kisha nikalia mimi mwenyewe. Nyinyi wa Lamu mwaishi vipi?"

Sufuria iliyoungua. Nimeyasoma maneno hayo mara 3, maana mimi nililia kwa sababu ya kijiko.

Wengi mnaonisoma nawajua. Ni wasichana na kina mama mliotoka kwenu kwenda kutafuta, mna mpango wa duka, wa cherehani, wa kumalizia masomo, na mwaka huu wa 2020 umewakalisha kitako. Kwa hiyo nitamjibu huyu dada hadharani, na nitaanza mbali kidogo, kwa sababu jibu langu halieleweki bila ya yaliyonipata.

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili, ilipotangazwa kwamba Mombasa, Kilifi na Kwale zitafungwa kuanzia Jumatano saa 1 usiku, mimi nilikuwa Mombasa. Duka la vitambaa nililokuwa nikiuza lilikuwa limeshafungwa. Mwenyewe alitulipa nusu ya mwezi wa Machi akasema tutaitwa. Mpaka leo hatujaitwa. Nikawaza: nikibaki hapa, kodi nitalipa na nini? Jumanne alfajiri, kafyu ilipoisha tu, nilikuwa kwenye basi na begi moja. Safari yenyewe siielezi. Aliyewahi kupita barabara ya Garsen anajua mtu husoma dua gani hadi afike Mokowe, kwenye gati ya kuvukia kuja Lamu.

Pale gatini tulipimwa joto la mwili, tukanawishwa mikono, na sisi tuliotoka Mombasa tukaambiwa tukakae nyumbani siku 14 bila kuchanganyika na watu. Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Wallahi nilikuwa na furaha. Nilipanda boti upepo ukinipiga usoni nikiona mji wetu unakaribia, nikasema, alhamdulillahi, potelea mbali kazi, nimefika kwetu.

Kichochoroni karibu na nyumba yetu nikamkuta rafiki yangu wa utotoni amekaa mlangoni na mwanawe. Huyu tumekula naye sahani moja, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, mkono wangu ndio uliomtia hina siku ya harusi yake. Aliponiona na begi alisimama, akamvuta mtoto kwa mkono, akasema kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima: "Haya, imeshakuja korona ya Mombasa." Akaingia ndani akabana mlango. Nilisikia komeo likigonga.

Kufika magharibi jina lilikuwa limeshaenea. Watoto walipita chini ya dirisha letu wakiimba, korona, korona. Mama yangu alitoka mara 2 kuwafukuza, kisha akachoka. Mwenye duka la pembeni, mdogo wangu alipokwenda kununua sukari, alimwambia aweke pesa chini, akazimwagia maji ya sabuni kabla ya kuziokota. Sijasema watu wasijikinge. Kinga ni haki ya kila mtu, na mimi mwenyewe nilijifungia kwa hiari. Lakini kuna kumkinga mwanao na kuna kumvunja mtu heshima yake mbele ya mlango wa wazazi wake, na haya mawili kila mtu mzima anajua kuyatenganisha.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani: ukiingia kuna daka, ukumbi wa mlangoni na viti vyake vya mawe, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha ngazi, na juu kabisa kuna chumba cha makuti. Huko ndiko nilikokaa siku 14. Mama aliniwekea chakula kwenye kipandio cha tisa, akashuka, akaita, ndipo nami nikashuka kukichukua. Siku ya nne aliniletea uji akasahau kijiko. Ningeweza kumwita. Ningeweza kuunywa vile vile. Nilikaa pale ngazini nikalia mpaka uji ukaganda, nikiona kwamba hata mama yangu amenisahau. Ndiyo maana nikasema, dada, habari ya sufuria naielewa. Sufuria haina kosa. Siku zikifanana kupita kiasi, moyo hutafuta chochote cha kuhesabia, na kisipopatikana kizuri utahesabia hata kijiko.

Sasa sikiliza lililoniokoa.

Siku ya tano, baada ya alasiri, yapata saa 11 jioni, nikasikia fimbo inagonga ubao wa dirisha langu. Vichochoro vyetu ni vyembamba, punda 2 wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, anakaa bibi mmoja mjane, si wa damu yetu ila sote twamwita Mama Mkubwa, umri wake umepita miaka 70. Alikuwa amesimama dirishani kwake, ameshika kipande cha upondo wa jahazi wa marehemu mumewe, na huo ndio alionigongea.

"Ewe mwanangu, macho yako yaona vyema?"

"Yaona, Mama."

"Basi nitungie uzi. Wajukuu wangu hawaji tena, na mimi tundu la sindano silioni."

Kwenye ncha ya upondo alikuwa ametundika kikapu kidogo cha ukili. Ndani mna sindano 10, kibonge cha uzi mweupe na kipande cha sabuni. Akaniambia ninawe kwanza. Nikanawa, nikazitunga zote 10, nikazichomeka kwa mstari kwenye kitambaa, kikapu kikarudi. Sindano 10 zilimtosha mpaka kesho yake. Kesho saa 11 fimbo ikagonga tena.

Hapo ndipo siku zangu zilipoanza kuwa na majina. Asubuhi nikiamka najua kuna saa 11. Mchana jua likichoma makuti najua kuna saa 11. Nilianza kuoga saa 10 na nusu, nikajitanda leso safi, kwa ajili ya bibi wa dirisha la pili. Mtu yeyote anayetaka ushauri wangu, ndio huu, wala sina mwingine mkubwa kuliko huu: tafuta saa moja katika siku, iwe na mtu mmoja anayekungojea, na usiikose.

Baada ya siku chache aliniuliza kama najua kushona kofia. Nikamwambia niliachia njiani nikiwa shule ya msingi. Akanitilia kitambaa kikapuni. Kwa wasiojua, kofia zetu za mkono hushonwa hivi: bafta, kitambaa cheupe cha pamba, huwekwa mara mbili, maua huchorwa kwa penseli, halafu kila doa la ua hutobolewa tobo dogo, na tobo lile huzungushiwa uzi ukingoni, pindo kwa pindo, mpaka uzi ufunike kingo zote na katikati pabaki mwanga. Kofia moja ina mamia ya matobo. Ukivuta uzi sana, tobo linafunga. Ukilegeza, linapanuka kama mdomo wa samaki. Nilikuwa nikishona usiku, saa 11 namtilia kikapuni, naye anapitisha kidole juu yake, maana kwa macho haoni vizuri ila kidole chake chaona. Kikirudi, nakuta matobo mabaya amenifumulia bila neno. Siku ya kwanza alifumua yote. Siku ya kumi na moja alibakisha 6. Dada zangu, cheti cha shule nilichonacho hakijawahi kunipa furaha ya yale matobo 6.

Siku 14 zilipokwisha, tarehe 21, nilishuka nikamkumbatia mama. Kwa Mama Mkubwa sikuenda. Ana miaka yake na kifua chake, na mimi sikutaka kuwa sababu. Tukabaki na dirisha letu.

Ramadhani ikaingia siku 4 baadaye. Hapa kwetu mwezi huo ni usiku: tarawehe, watu pwani mpaka saa za daku, vijana na ngoma zao za kuamshia. Mwaka huu saa 1 ya usiku milango imefungwa, na misikiti nayo imefungwa. Usiku wa kwanza nilipanda juu nikasikiliza. Punda mmoja alilia upande wa mtaa wa Langoni, kisha hakuna kitu ila maji yakigonga ukuta wa pwani. Baba alishuka kiwandani akatandika mikeka akatusalisha yeye. Baba yangu si mtu wa kusema sana na sijawahi kumsikia akisoma Kurani kwa muda mrefu hivyo. Nina miaka 31 na sauti ya baba yangu nimeijua mwaka huu. Hilo nimelipata ndani ya kafyu, na silirudishi.

Mengine ya siku zile nayataja tu. Simu ya maana ni moja, wadogo zangu 3 wana masomo, na bando linaisha kabla ya hesabu kuanza, basi wakasikiliza masomo redioni. Barakoa chini ya ninja, yaani nikabu, joto la mwezi wa nne, pumzi inarudi puani kama mvuke wa sufuria. Baba yangu mdogo ni mvuvi, akawa analazimika kugeuza chombo wakati samaki ndio wanaanza kula, ili awahi kafyu. Na kwa kuwa hoteli za kijiji cha Shela hazina wageni, kamba-mawe waliokuwa wakipanda ndege wakatubakia sisi. Tumewala mara 2 katika wiki moja, wa kupaka nazi, na baba mdogo amekaa nao sahani moja bila kutabasamu, maana kila mmoja wao ni pesa aliyoikosa. Ni watamu, nasema kweli. Na nilimwonea huruma vile vile.

Futari ilipita kwenye upondo. Sisi tukipeleka mkate wa mofa, kwake zinarudi kaimati. Siku moja kikapu kiliinama, kaimati 7 zikamwagikia kichochoroni, punda wa jirani akazila zote kabla hatujamaliza kuomboleza. Mama Mkubwa alicheka mpaka akajishikilia dirisha. Nilikuwa sijamsikia mtu akicheka kwa wiki nyingi.

Siku ya Idd, tarehe 24 Mei, yule rafiki yangu alikuja na sahani ya halua. Alisimama mlangoni, amevaa barakoa, akasema Idd Mubarak, na mwanawe nyuma yake. Nimepokea sahani. Nimejibu. Kumkaribisha ndani sikuweza, ulimi ulikataa. Sahani yake ingali jikoni kwetu mpaka leo, mama ananiuliza kila siku itarudi lini na itarudi na nini ndani. Sijui bado. Nawaandikia haya bila kujipamba: bado inauma.

Na wewe unayesoma, ikiwa kuna mtu uliyembandika jina mwaka huu, dereva, mhudumu wa basi, nesi wa mtaani kwenu, msichana aliyerudi kwao na begi moja, mwendee. Usingoje sherehe. Ugonjwa huu utakwenda zake siku moja kwa rehema za Mungu, lakini yule mtu utakutana naye sokoni, msibani na harusini, na atakuwa anakumbuka sauti ya komeo lako. Usipeleke halua peke yake. Peleka neno.

Kwako dada wa Mombasa. Umeniuliza twaishi vipi. Kwanza, mwombe radhi mama yako leo, sufuria itasuguliwa. Pili, tafuta saa yako. Usiniambie huna nafasi kwa kuwa mko wengi ndani; mimi nilikuwa na dirisha tu. Mtazame ni nani hapo jirani asiyeona tundu la sindano, au asiyejua kusoma ujumbe wa simu, au aliyezoea kutembelewa na hatembelewi tena. Mwambie utamgongea kila siku saa fulani. Tatu, mikono yako iwe na kitu. Kushona, kusuka ukili, kukuna nazi za kuuza, chochote kinachoonyesha kesho kwamba jana ulikuwepo. Na hiyo saa usiikose. Hata ukiwa na huzuni, nenda na huzuni yako.

Mwezi wa Juni 2020 kafyu ilisogezwa mpaka saa 3 usiku. Jana baada ya isha Mama Mkubwa alishuka, mara ya kwanza tangu Machi, akakaa kwenye daka lake, mimi nimekaa kwenye letu, barakoa zetu usoni na kichochoro kati yetu. Kofia yangu imekwisha ubavu wote, imebaki sehemu ya juu. Ndiyo ya kwanza ninayoikusudia kuiuza. Aliiweka mapajani, akapitisha kidole polepole, akazunguka nayo, akasimama mahali pamoja.

"Hapa ulikuwa na hasira," akasema. "Uzi umekazwa."

Nikaangalia. Ni matobo niliyoyashona usiku wa Idd.

"Fumua."

Nimefumua safu 2. Kesho saa 11 nampelekea tena.